Ambrose Tidswell na Jumapili ya Kulungu

Wasifu huu umeandikwa na familia, na unasomwa na Silas Whitlam, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake Mabel. Mchungaji aliupitia jana jioni akaomba upunguzwe makali. Umepunguzwa kidogo. Karatasi mlizoshika zilikuwa zimeshachapwa, kwa hiyo mnachosikia na mnachosoma huenda visilingane kila mahali.

Marehemu Ambrose Josiah Tidswell alizaliwa alfajiri ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 1941, katika nyumba ya Lango la Magharibi, ndani ya mbuga ya kasri la Wenderby. Baba yake, Josiah, alikuwa mtunza kulungu wa kasri, na babu yake kabla ya hapo. Mama yake, Edith, alifua nguo za kasri hilo hilo. Siku hiyo mkunga alichelewa. Alikuja kwa baiskeli akakuta kundi zima la kulungu limelala katikati ya njia, akaogopa kupita, akabaki pale akipiga kengele ya baiskeli bila wa kumjali. Mabel, ambaye yuko hapa kiti cha mbele, alikuwa mtoto mdogo lakini anamkumbuka baba yake akitoka na viatu visivyofungwa kamba, akivua kofia mbele ya wale wanyama na kuwaambia, "Jamani, samahanini. Mke wangu ana haraka kuliko nyinyi." Wakainuka mmoja mmoja bila kukimbia. Mkunga akapita, na Ambrose akazaliwa kabla hajamaliza kunawa mikono.

Alisoma shule ya kijiji cha Wenderby kuanzia mwaka 1946. Wakati wa vita malori ya jeshi yalikuwa yameng'oa lango na kubomoa sehemu ya ukuta, na vita vilipokwisha hakuna aliyejishughulisha kufunga. Ndivyo wanakijiji walivyoanza kukatiza mbugani, kutoka kijijini hadi kanisa hili, chini ya mialoni, badala ya kuzunguka na barabara. Watoto walipita, wajane walipita na maua yao ya makaburini, maharusi walipita na viatu mkononi. Huko njiani ndiko Ambrose alikofanya urafiki na Cuthbert Lamb, mtoto wa mwoka mikate. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni alimlaza Cuthbert kifudifudi kwenye makangaga, akamwambia asipumue, akamwonyesha ndama wa kulungu aliyezaliwa usiku, bado ana unyevu. Walifika shuleni wamechelewa, wakachapwa wote wawili. Cuthbert alilia. Ambrose akamnong'oneza, "Lakini si umemwona?" Cuthbert akakubali kwa kichwa huku machozi yanamtoka. Baadaye marehemu alisoma sekondari mjini Thorswick, ambako hakuna mwalimu aliyemkumbuka kwa lolote, naye hakumkumbuka mwalimu yeyote.

Aliacha shule mwaka 1956 akaingia kazini chini ya baba yake. Mwaka uliofuata lilitokea jambo ambalo bila hilo wasifu huu ungekuwa mfupi na mtamu.

Sir Hugo Larchfield, mwenye kasri wakati huo, alirudi kutoka London alikokwenda kuonana na wakili wake. Akamwita Josiah na kijana wake pale langoni, palipokuwa pamewekwa lango jipya, akawapa mnyororo mpya na kufuli. Akasema, "Josiah, hawa kulungu wanachoshwa na watu. Hebu tuwape siku moja ya kupumzika kwa mwaka. Siku moja tu. Jumatano ya kwanza ya Februari, funga asubuhi, fungua jioni." Josiah akaona ni maneno ya busara. Ambrose, ambaye hakuwa amewahi kusikia mtu mkubwa akiwahurumia wanyama, alimpenda Sir Hugo tangu siku hiyo. Alimpenda mpaka alipomzika.

Josiah alipofariki mwaka 1968, mwanawe akarithi kazi, nyumba, kofia na kufuli. Na hiyo siku ya kufunga lango akaipa jina. Aliiita Jumapili ya Kulungu, ingawa iliangukia Jumatano kila mwaka. Watoto walimbishia, "Mzee Ambrose, leo si Jumapili!" naye akawajibu, "Kwenu. Wenyewe wako kanisani." Wakaanza kuja langoni na nyasi kavu na turnipu za bustanini kwao, wakizipitisha chini ya mnyororo. Baadhi yenu mliokaa hapa mlikuwa watoto hao. Cuthbert Lamb, aliyekuwa amerithi tanuri la baba yake, akaanza kuoka mikate midogo yenye pembe na kuiuza pale pale langoni. Mchungaji wa wakati huo alikuja na joho kubariki nyasi. Kijiji kizima kilisimama kwenye baridi mwaka baada ya mwaka kikishangilia kufungiwa nje, na hakuna mwenye akili, mwoka mikate wala mchungaji, aliyeuliza kwa nini. Hilo familia inaomba likumbukwe.

Kazi yake yenyewe mnaijua. Alilisha kundi wakati wa theluji, alipunguza kulungu wazee na wagonjwa kwa bunduki na hakupenda kupongezwa kwa hilo, aliziba ukuta, aliokota pembe zilizodondoka kila Aprili. Lakini watu wa mbali walimjua kwa kuwatembeza. Basi la watalii likija, ama familia ya mjini ambayo imetembea mchana kutwa ikaona mbuzi wa jirani tu, yeye alijitokeza na fimbo yake akawauliza, "Mmeangalia wapi?" Wakionyesha uwandani, alicheka. "Huko wanawaangalia nyinyi. Njooni." Hakuwa na siri katika jambo hilo. Alimwambia kila aliyetaka kusikia, na mwisho wa njia alimwambia kila mtu neno lile lile: "Mkitoka, fungeni lango." Hakuna mtu aliyepita Wenderby akakosa kuambiwa funga lango.

Ndivyo alivyompata mkewe. Jumamosi moja mwaka 1964 kwaya ya Thorswick ilikuja matembezini, na miongoni mwao alikuwemo binti wa koti jekundu, Hester Pym, aliyekuwa hafungi mdomo. Ambrose alivumilia mpaka kwenye mwaloni uliopasuka, akamwambia, "Dada, ukinyamaza utawaona." Hester akamtazama juu mpaka chini. "Na nikinyamaza, wewe utanionaje?" Walifunga ndoa katika kanisa hili Jumamosi, tarehe 19 Juni 1965. Bibi harusi alipita njia ya mialoni kwa miguu, na wageni wanasema hakunyamaza. Mungu aliwajalia binti mmoja, Rosamund, aliyezaliwa mwaka 1967. Hester alitangulia mbele ya haki mwaka 2009, akazikwa nyuma ya kanisa hili, karibu na ukuta mfupi ambao kulungu huja kujikuna. Mahali hapo alipachagua Ambrose. Alisema mkewe hataki kukaa na watu wasiosema kitu.

Marehemu alistaafu mwaka 2006 akahamia nyumba ndogo kijijini. Kufuli alibaki nalo, maana hakuna mwingine aliyelitaka. Kila Jumatano ya kwanza ya Februari aliamka, akavaa kofia ya baba yake, akaenda kufunga lango. Siku nyingine zote alipita njia hiyo hiyo kwenda kwa Hester.

Mwaka 2017 mbuga ilirithiwa na Sir Jocelyn, mjukuu wa Sir Hugo. Mwaka uliofuata aliifunga. Hakufunga kwa siku moja. Alileta wageni wa kuwinda kutoka ng'ambo, watu wasiotaka kuona bibi kizee na maua akipita mbele ya bunduki zao, akaweka mlinzi langoni. Njia ya kwenda kanisani ikawa ile ya barabara ya malori, isiyo na mahali pa kuweka mguu. Wazee watatu wa kijiji hiki waliacha kuja ibadani mwaka huo, na wawili kati yao wamezikwa hapa bila kuja tena wakiwa hai.

Kijiji kikaamka. Sheria ya nchi hii inasema watu wakipita njia miaka ishirini mfululizo, mchana kweupe, bila kuomba ruhusa na bila kuzuiwa, njia inakuwa yao. Cuthbert Lamb ndiye aliyeongoza madai. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba wazee waende kutoa ushahidi mbele ya mkaguzi wa serikali, na nyumba ya kwanza aliyogonga ilikuwa ya rafiki yake.

"Ambrose, wewe ndiye shahidi wetu mkubwa," alimwambia. "Nani anaijua njia ile kukushinda wewe?"

"Nikaseme nini?"

"Sema ukweli tu, bwana. Ukweli unatutosha."

Kikao kilifanyika Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, katika ukumbi wa mji wa Thorswick. Marehemu alivaa suti aliyomzikia mkewe. Mkaguzi alimuuliza kuhusu njia, naye akaeleza vizuri sana, tangu malori ya jeshi mpaka viatu vya maharusi. Watu walinong'ona kwa furaha. Kisha akasimama wakili wa kasri, mwanamke mpole mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

"Mzee Tidswell, nimesikia kijijini kuna sikukuu moja nzuri. Jumapili ya Kulungu. Ni nini hiyo?"

Uso wa mzee ukachangamka. Tangu kikao kianze hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu kulungu.

"Ah, mama, hiyo ni siku yao ya mapumziko. Tunafunga lango, wanyama wakae peke yao."

"Mnafunga kweli? Au mnarudishia tu?"

"Mnyororo na kufuli! Mimi mwenyewe."

"Kila mwaka?"

"Sijakosa hata mmoja. Ule mwaka wa theluji kubwa lango lilikuwa limefukiwa, hakuna binadamu ambaye angeweza kupita. Nilichukua sepetu nikachimba mpaka nikalipata, nikalifunga."

Ukumbi mzima ulicheka. Hata mkaguzi alitabasamu. Wakili peke yake hakucheka. Alisema, "Asante sana, Mzee Tidswell. Sina swali jingine." Akakaa.

Mjomba alishuka akitabasamu, akijua amesema vizuri. Aliwakuta wenzake kwenye benchi wameinamisha vichwa. Akamshika bega Cuthbert, akauliza, "Vipi? Nimekosea?" Ndipo alipoelezwa, pale pale, kwa sauti ya chini, jambo ambalo Sir Hugo alilijua tangu mwaka 1957 na ambalo wakili wake alimfundisha: kwamba njia ikifungwa hata siku moja tu kwa mwaka, mwenye ardhi ameonyesha hajaitoa, na watu wanapita kwa hisani yake. Kulungu hawakuwa wamechoka. Hakuna kulungu aliyewahi kupewa mapumziko. Kila Februari, kwa kofia ya baba yake na mikono yake mwenyewe, Ambrose alikuwa akiwafungia jirani zake haki yao, na wao wakimpa mikate yenye pembe.

Cuthbert hakuutoa ule mkono begani. Aliinuka, mkono ukaanguka wenyewe. "Umetuuza, Ambrose," akasema. "Na hata hukulipwa."

Uamuzi ulitoka mwezi wa Juni. Kijiji kilishindwa, na uamuzi ulimtaja shahidi Tidswell kwa jina kuwa mtu mkweli.

Wiki hiyo gari la kasri lilisimama nje ya nyumba yake. Mliliona, maana mapazia ya mtaa mzima yalisogea. Mliona kijana wa jikoni akishuka na paja la kulungu limefungwa kitambaa cheupe, zawadi ya Sir Jocelyn kwa mtumishi mwaminifu. Kuanzia siku ile ikawa amelipwa. Ambacho hamkukiona, kwa sababu mapazia yalikuwa yamesharudi, ni Ambrose Tidswell, mzee wa miaka sabini na minane mwenye magoti mabovu, akilibeba lile paja begani kulirudisha. Njia ya mialoni ilikuwa imefungwa, basi alizunguka na barabara, malori yakimpigia honi. Sir Jocelyn mwenyewe alimtokea mlangoni.

"Mzee Ambrose! Hupendi nyama siku hizi?"

"Napenda. Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Babu yako alituambia kulungu wanachoka."

Sir Jocelyn alicheka, wala hakucheka kwa ubaya. Alisema, "Babu alikuwa na utani sana."

Hayo marehemu alimwambia Mabel, Mabel akamwambia mwanawe, na leo mmeambiwa nyote. Kama kuna anayetaka kusema paja lile liliingia chungu cha Ambrose Tidswell, aseme sasa, kaburi bado liko wazi.

Hakuna aliyesema. Basi tuendelee.

Miaka mitano iliyofuata ni mifupi kuisimulia. Kijiji kilimpa kisogo. Baa ilipompa kiti chake mtu mwingine hakulalamika, aliacha kwenda. Karamu ya mavuno alikuwa akisahauliwa kualikwa, kila mwaka kwa bahati mbaya. Februari moja aliamka akakuta geti la bustani yake limefungwa mnyororo na kufuli kutoka nje. Mwenye kufuli hilo huenda yuko humu ndani, na familia haimtafuti. Mjomba alikata mnyororo kwa msumeno, akaliingiza kufuli ndani, akalipaka mafuta. "Kufuli zuri," alimwambia Mabel. "La kizamani." Alikuwa hivyo mpaka hasira inakupanda wewe kwa niaba yake. Kuwaambia ukweli bila kuficha, mpwa wake alimwambia mara nyingi, "Mjomba, tukana angalau mtu mmoja," naye akajibu, "Nimtukane nani? Nilifunga mimi."

Kila Jumatano alasiri, saa ambayo yeye na Cuthbert walizoea kucheza drafti tangu ujana wao, alipanga kete mezani. Alizipanga pande zote mbili. Ikifika saa kumi na moja bila mlango kugongwa, alizirudisha kwenye kopo. Mabel alijitolea kucheza naye, lakini Mabel hucheza vibaya na hukasirika akishindwa. Nyumba ya Cuthbert ilikuwa ya nne kutoka pale, mtaa ule ule.

Aliendelea kwenda kwa Hester akizunguka barabarani mpaka kifua kilipomkataza. Mwezi wa Mei mwaka huu daktari alimwambia moyo umechoka na mapafu yamejaa maji. Alilazwa hospitali ya Thorswick mara mbili, akaomba kurudishwa nyumbani. Rosamund alihamia kwake. Siku za mwisho alilala dirisha wazi ingawa kulikuwa na baridi, kwa sababu Oktoba ni mwezi wa madume kugombea majike, na upepo ukitoka upande wa mbugani mkoromo wao ulifika kitandani. Alikuwa akiwatambua. "Huyo ni wa kwenye mwaloni," alimwambia binti yake. "Anajisifu tu, huyo. Mwenye kazi yuko chini bwawani, hapigi kelele."

Na siku nyingine akamwambia, "Rose, nipitisheni njia ya mialoni. Wakikataa, basi, barabara ipo. Msigombane na mtu."

Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 15 Oktoba 2024, akiwa na miaka themanini na mitatu. Kete za drafti za Jumatano hakuzipanga.

Rosamund alikwenda kasri kuomba. Hakugombana, kwa heshima ya baba yake. Meneja alimsikiliza, akapiga simu, akarudi na jibu kwamba inakubalika. Lango litafunguliwa leo Ijumaa, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na meneja mwenyewe akalazimika kusema mbele ya mashahidi wawili kwamba kupita leo hakumpi mtu yeyote haki yoyote. Mmemwona langoni, amesimama na mnyororo mkononi. Ni mnyororo ule ule wa mwaka 1957. Mjomba wetu aliutunza vizuri, haukushika kutu. Kwa hiyo mtu aliyelifunga lango siku moja kwa mwaka, likawa wazi siku zote zilizobaki, amefunguliwa lango hilo kwa siku moja, katika mwaka ambao siku zote zilizobaki limefungwa.

Juzi jioni, Rosamund alipokuwa akipanga viti, mlango uligongwa. Alikuwa Cuthbert Lamb, amevua kofia.

"Rose, mwanangu, nimekuja kuomba nibebe jeneza."

"Mjomba Cuthbert, miaka mitano ulikuwa wapi?"

Mzee alifikiri. "Nyumbani," akasema.

"Nyumba ya nne kutoka hapa."

"Ndiyo. Ya nne kutoka hapa."

"Alikuwa anakupangia kete."

"Nilikuwa naona taa," akasema Cuthbert. "Nilikuwa napita naiona taa. Nilisema nitagonga Jumatano ijayo." Kisha akasema, "Siku ile nilimpa neno baya, mwanangu, na mikate yenye pembe niliioka mimi."

Rosamund hakumkaribisha ndani. Lakini hakumkatalia. Mmemwona akibeba mbele, upande wa kushoto, na mmeona tulivyosimama mara tatu ili apumue. Kama mnadhani familia imemsamehe, hilo ni lake Rosamund kusema, na hajasema.

Wapo pia waliokuja leo kumzika Ambrose, na wapo waliokuja kwa sababu njia iko wazi. Tumewaona wengine na kamera. Familia haibagui. Yeye mwenyewe angewauliza tu, mmeangalia wapi?

Marehemu ameacha binti mmoja, Rosamund. Wajukuu wawili, Imogen na Piers. Dada yake Mabel Whitlam. Mpwa mmoja, ambaye ndiye mnayemsikia. Na kundi la kulungu wa madoadoa ambao hawajaambiwa.

Tukishamfukia, chai iko ukumbi wa kijiji. Msiende na barabara. Rudini na njia ya mialoni, na kwa kuwa mwenyewe hayupo wa kuwaongoza, haya ndiyo maneno yake. Tokeni kwa mlango mdogo wa ukuta wa nyuma, mpite kaburi la Hester, lake likiwa pembeni. Upepo wa leo unatoka kijijini, ni mzuri, utawapiga usoni. Msiende kwa makundi makubwa na msimwite mtu kwa jina. Kwenye mteremko wa makangaga msitafute kulungu, tafuteni masikio. Mkiyaona, simameni, mtazame pembeni kama mnaofikiria mambo yenu, naye atarudi kula. Majike wako chini ya mialoni mitatu ya kwanza, ndiko mbegu zinakoanguka sana mwaka huu. Dume mwenye kelele yuko kwenye mwaloni uliopasuka, pale Hester alipoambiwa anyamaze. Mwangalieni, anapenda kuangaliwa. Halafu shukeni mpaka mwanzo wa bwawa, msubiri kidogo hata kama miguu inauma, maana yule mkubwa hujitokeza akiona hamna haraka. Cuthbert, wewe unapajua. Waonyeshe.

Mkifika langoni, kwa mara ya kwanza tangu mzaliwe, msifunge. Liacheni wazi. Yuko wa kulifunga, ana mnyororo, na saa kumi ikifika ataona kama mtu amebaki ndani.

Ambrose amebaki ndani. Apumzike, mjomba wetu, na safari hii mapumziko yawe ya kweli.